Kete Yangu Niisogeze Mwenyewe

Mchumba wangu alikuwa na mkono mrefu. Si wa wizi, Mungu anisamehe, maana mtu anayerudisha hata msumari wa mwenzake huwezi kumwita mwizi. Nasema mkono uliokuwa unavuka ubao wa ludo na kusogeza kete yangu kabla mimi sijamaliza kuhesabu.

Tulicheza Jumapili mchana, baada ya ibada, kwenye kibaraza cha nyumba ya baba mdogo hapa Misiera, kambini. Baba mdogo ni ndugu wa marehemu baba yangu. Yeye na mke wake, mama mdogo, ndio walionilea tangu tuvuke kutoka Kivu ya Kusini, na ni kwao mchumba alikuja kujitambulisha. Naye ni wa kwetu, mkimbizi kama sisi, ila alikuwa amehamia Biharwe, karibu na mji wa Mbarara, anachomelea milango na madirisha ya chuma. Mimi nilikuwa na meza ya vitenge karibu na Base Camp, katikati ya kambi. Wiki nzima kila mtu na kazi yake, Jumapili anakuja na pikipiki huku vumbi jekundu limemjaa kwenye nyusi, tunakula, kisha mama mdogo anafuta kioo cha ubao kwa ncha ya kitenge na kusema tukae.

Tulikaa wawili kwa wawili. Mimi na mchumba tulitazamana, baba mdogo na mama mdogo wakatazamana, na kila wawili ni timu. Mwenzako akishinda umeshinda, akiuawa kete zake zote umelia naye.

Kwetu mkwe hakai karibu na mama wa mke wake. Hawali sahani moja, hawataniani, na wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni kama vile amesahau kitu nyumbani. Ludo ndiyo kabisa haifai, kwa sababu katika ludo unamuua mtu na kumcheka usoni. Lakini mahari ilikuwa bado haijaletwa, na mama mdogo alikuwa na maelezo yake.

"Hayakuwa mukwe bado," alisema. "Siku tutapokea mali, nitamuachia fasi yake. Sasa muache nimuuwe kwanza."

Kwa hiyo tulicheza kwa ruhusa iliyokuwa na mwisho. Mahari ingeletwa mahindi yakishavunwa, na kila nilipopita shambani na kuona mahindi yameanza kutoa ndevu, nilitazama pembeni. Mwenye kujua mila zetu anajua kwa nini. Siku ile, mbele ya familia mbili, baba mdogo angeniita na kuniuliza kama wapokee vitu vya watu hawa. Neno langu moja ndilo lingefunga kazi. Nikishalisema, ng'ombe hata akifa njiani, mimi ni mke wa Biharwe. Na sikuwa najua nitajibu nini.

Ukiniuliza kwa maneno, kijana hakuwa na kasoro. Maongezi yake yalikuwa asali, mama mdogo alimpenda, kanisani walimsifu. Lakini ubao hauna maongezi. Pale nilimwona anarusha dadu kabla mwenzake hajaondoa kidole kwenye kete. Nilimwona akiua kila alipoweza kuua, hata pale ambapo busara ilikuwa kukimbilia nyumbani. Haki yake nimpe: akiuawa yeye, alicheka papo hapo na kusahau. Mimi sivyo. Mimi ukiniua kete Jumapili, Jumatano ninapopima kitenge cha mteja bado ninakusema moyoni.

Halafu ule mkono. Nikirusha nne, nina kete mbili barabarani, ninahesabu kwa midomo, hii ikienda itafika wapi, ile ikibaki itaponea wapi. Mara mkono wake huo.

"Nne. Hii inafika hapa, inauwa. Tunashinda."

Na kweli tulikuwa tunashinda. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba mara nyingi alikuwa sawa. Angekuwa anakosea ningepata la kusema. Sasa unamwambiaje mtu aliyekushindisha kwamba amekukosea?

Nilianza kuwatazama wale wawili wengine. Baba mdogo ni mchezaji mbaya wa maneno, hasemi, anakohoa tu. Mama mdogo akitaka kufanya ujinga, akitaka kuacha kete ya mume wake katikati ya njia bila ulinzi, baba mdogo alikohoa mara moja na kutazama kuku. Hakugusa. Kete iliuawa, wakagombana kidogo, wakaendelea. Miaka yote ile niliishi nyumba moja nao sikuwahi kuona jambo hilo, mpaka nilipokuwa na mchumba wa kulinganisha.

Nilimwambia mama mdogo tukiwa tunachambua maharage. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Utakatala mwanaume juu ya ludo? Bantu bote batatucheka. Wengine babwana babo banabapiga, wewe wako anakusaidia."

Nikaona haya, nikarudi kwenye maharage. Lakini sikutulia. Nilikunja vitenge na kuvikunjua, nilimkatia mteja mmoja kitenge pungufu, nikamkatia mwingine mrefu kupita alicholipia. Roho ilikuwa juu juu tu.

Kisha nikaenda Mbarara kuchukua mzigo. Nilikuwa nachukua kwa hajati mmoja, mfanyabiashara wa Kiislamu, mtu mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kuongeza. Siku hiyo aliniita nyabo, yaani bibi, kama wasemavyo huko, na hata salamu hakumaliza.

"Nyabo, karibu. Bwana yako ilikuja hapa. Ilisema mwezi ingine wewe natoka kambi, nakuja kuuza hapa kwa baraza yangu. Mimi ilikubali. Kuja, ona."

Akanishika mkono mpaka nje. Pale barazani, upande wenye kivuli, ilikuwepo meza ya chuma. Niliijua kazi ile kabla sijaambiwa, ile mishono safi ya kuchomelea, na rangi ya kijani niliyowahi kusema kwamba naipenda. Nilisimama nyuma yake. Ilinifika kiunoni sawasawa. Alikuwa amenipima kwa macho tu, Jumapili moja, huku mimi nahesabu kete.

Watu walikuwa wanapita pale kama maji. Kwa saa moja hapo ningeuza ninachouza Base Camp kwa siku mbili, na hilo nililijua haraka kuliko mchumba alivyofikiri ninajua mambo. Ilikuwa nafasi nzuri. Damu ilinichemka.

Mzigo nikauacha kwa hajati, nikapanda gari hadi Biharwe. Nilimkuta ameinama juu ya geti, cheche zinaruka. Aliponiona alivua miwani na kutabasamu, akadhani nimekuja kushukuru.

"Haukuniuliza," nikamwambia.

Hakuuliza nazungumzia nini. "Ningekuuliza, ungesema nini? Ungesema niache nifikiri. Hiyo fasi ingekamatwa na mungine."

"Basi ingekamatwa."

"Unakuwaka muzito, wewe. Siku zote. Mimi nimeona bantu babaki nyuma juu ya kufikiri."

Hapo akakatiza maneno. Alivaa miwani tena ingawa hakuwasha mashine, na huku anatazama chuma aliniambia jambo ambalo kwa Jumapili zote zile hakuwa amelisema. Siku walipokimbia, mama yake alisimama mlangoni akiwaza achukue nini, sufuria au blanketi. Yeye alitangulia na wadogo zake. Walimngoja ng'ambo ya mto, na mama hakutokea.

Nilikaa kwenye kipande cha bomba. Huruma ilinishika, na hasira haikuondoka. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kusukumana, na sikujua nianze na kipi. Mwishoni nikasema nilichokuwa nacho mdomoni.

"Pole sana. Lakini mimi si mama yako, na sijasimama mlangoni. Jumapili kuja tucheze. Utakalia mikono."

Akacheka. Alipoona sicheki, akaacha.

Jumapili hiyo nilieleza sharti mbele ya wote. Mikono ya mchumba ikae chini ya mapaja yake, itoke tu wakati wa kurusha dadu na kusogeza kete zake mwenyewe. Mama mdogo aliona ni kichekesho kizuri, baba mdogo akakohoa. Tukaanza. Mimi nilichelewa kuliko kawaida, nasema wazi. Nilihesabu, nikarudia, nikatazama barabara, nikauliza kama chai ipo. Yeye jasho lilimtoka. Magoti yalimtetemeka mpaka kete zikawa zinacheza zenyewe juu ya kioo, na mama mdogo akalalamika kwamba kete yake imehama bila dadu.

Nikarusha tano. Nilikuwa na kete mbili, na moja ilikuwa na nafasi ya kuua. Niliiona, jamani, niliiona. Nilikuwa natafuta kilichojificha nyuma yake. Mchumba alivumilia, akavumilia, kisha akanyoosha shingo na kuionyesha ile kete kwa kidevu.

Baba mdogo, ambaye hasemi, akasema. "Kidevu pia ni mukono."

Mama mdogo alicheka mpaka akafuta machozi. Mchumba naye akacheka. Mimi nilisogeza kete nyingine, ile mbaya, kwa ukaidi mtupu, na mzunguko uliofuata tukauawa. Tulishindwa. Alipopanda pikipiki aliniambia "sawa" mara mbili, na sikuelewa ni sawa ipi.

Baada ya hapo hatukucheza tena. Mahindi yalivunwa. Yeye alishikwa na maandalizi kule, sisi huku, na watu walianza kuniita bibi harusi sokoni kana kwamba jibu langu limeshauzwa. Kila asubuhi niliamka nimeamua, mchana nimeamua kinyume. Wiki ya mwisho hajati akanipigia simu.

"Nyabo, bwana yako ilirudi hapa. Ilisema ilikosa, haikukuuliza. Ilisema mimi niulize wewe. Sasa mimi nauliza."

Nikamwambia acha nifikiri.

"Fikiria. Meza hapana kula chakula."

Simu ile ilinifurahisha, na furaha yenyewe ikaniongezea wasiwasi. Kumrudia hajati ni jambo la saa moja. Mtu anaweza kuomba radhi Jumatatu, na Alhamisi mkono ukatoka tena. Nilitaka kumwona pale ambapo kunyamaza kunamuuma.

Siku ikafika. Turubai lilifungwa uani, mabenchi ya pande mbili yakatazamana, sisi upande wa nyumba, wao upande wa barabara. Mbuzi walilia, soda zilikuwa kwenye ndoo za maji, wasemaji wa pande zote wakatupiana mafumbo mpaka wakachoka. Kisha nikaitwa. Nilitoka ndani na kusimama katikati, kitenge kimenibana, na baba mdogo akasimama.

"Mwana wetu. Unabajua aba bantu? Tupokee bitu byabo?"

Kwa desturi binti hujibu palepale, kwa sauti ndogo, macho chini, na kabla hajafunga mdomo akina mama wamepiga vigelegele. Nilifungua mdomo, na neno halikuwa tayari. Nikafunga. Mbuzi mmoja akalia na hakuna aliyemgeukia. Upande wa barabara shangazi yake mchumba akaguna. Msemaji wao akasema kwa adabu kwamba pengine binti hakusikia, arudiwe swali. Baba mdogo hakurudia. Alikohoa mara moja na kutazama kuku.

Nilijua mchumba wangu angeweza kuumaliza ule ukimya. Wanaume wengine wamefanya hivyo, wanasema kwa mzaha kwamba tulishaongea, amekubali, mwoneeni huruma, watu wanacheka na shughuli inaendelea. Neno lilikuwa mdomoni mwake, bila shaka lilikuwepo, na yeye ndiye mtu ambaye ukimya wa mtu anayefikiri ulimnyang'anya mama.

Nikainua macho, jambo ambalo binti hafanyi. Alikuwa kwenye benchi la mbele, amevaa koti lililombana mabegani. Mikono yake ilikuwa chini ya mapaja, yote miwili. Kidevu amekibana kifuani, macho kayafumba, na benchi zima lilikuwa linatetemeka, mpaka mzee aliyekaa naye akashika ukingo. Nikamtazama mama mdogo. Naye alikuwa ameona, na hakucheka.

Nilikaa kimya kidogo tena. Haikuwa kumkomoa. Nilikuwa nahesabu kwa mara ya kwanza bila mtu kunipumulia, na nilitaka nifike mwisho wa hesabu yangu.

"Mupokee," nikasema.

Vigelegele vikapasua turubai. Mama mdogo alinyanyuka akahama upande, kama alivyoahidi, kumwachia mkwe nafasi yake. Mtu akampelekea mchumba wangu soda. Akaitoa mikono polepole, akaitazama kama ya mtu mwingine. Ilikuwa imekufa ganzi, vidole havikukunjika, na chupa ilitaka kumponyoka.

Nilikuwa karibu, nikanyoosha mkono kuishika chupa. Kisha nikaurudisha, nikamuuliza kwanza kama anataka nimshikie.