Kiti cha Mfalme Kilichopigwa Msasa

Kwa miaka sita nimekana jambo moja, na leo nalikiri: kiti cha Bi Dorothy hakikuwa sebuleni kwangu. Nilikuwa nimekiazimisha kwa harusi.

Bi Dorothy ni mzee niliyemtunza nyumbani kwake Louisville, kabla hajahamia makao ya wazee. Aliponipa kiti kilikuwa na rangi ya dhahabu, miguu myembamba, na chini yake alama iliyochomwa kwa moto: taji juu ya herufi W. Kila nikimtembelea huuliza, "Kiti changu?" Nami hujibu, "Nakikalia kila jioni, raha tupu." Juzi bintiye akanipigia. Amesoma kuwa ile W ni V mbili, alama ya Versailles, jumba la wafalme wa Ufaransa. Jumamosi angeleta mtaalamu kwangu. Mimi, mwenye shahada mbili na insha kadhaa kuhusu ukweli, nikajibu, "Karibuni."

Alhamisi alfajiri nilitoka kwa gari Iroquois, mtaani kwangu Louisville, kwenda kukisaka kiti.

Kabla ya saa sita nilikuwa Columbus. Mama Neema, niliyemwazima kiti, alinipa sombe, kisamvu cha Kikongo, kwanza, habari baadaye.

"Ile kiti? Bon, ilienda Buffalo na ndoa ya Furaha, ule bibi-arusi. Aliipenda, donc tukamuachia. Miaka yote hukuiuliza, dada! Leo imekuwa mutoto wako?"

Jioni nilifika West Side, Buffalo, kwenye nyumba ya mbao niliyoelekezwa, ambayo sebule yake ni kanisa la akina Furaha. Mchungaji wao alinifungulia. Kiti kilikuwa mbele, kimevikwa kitenge cha njano. Nikakipindua. Chini palikuwa peupe na laini.

"Alama iko wapi, Mchungaji?"

"Ile ya taji lenye pembe? Tulifunga siku tatu, dada, kisha tukapiga msasa."

Ushahidi wote wa mfalme wa Ufaransa ulikuwa umekemewa kwa jina la Yesu.

"Chukua, ni chako," akasema kwa upole. "Ila maharusi wetu wote wamekikalia. Kesho kutwa tuna mwingine."

Ijumaa asubuhi nilianza kurudi, kiti nyuma yangu kimefungwa mkanda kama abiria. Hadi kituo cha kwanza cha mafuta nilikuwa nimeshatunga uongo wa namna tatu, kila mmoja ukichosha kuliko ukweli. Nikampigia Bi Dorothy mwenyewe, nikamwambia yote, hadi msasa.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Alama ile aliichoma marehemu mume wangu, kule gereji, ili dada yangu anionee wivu. Kiti tulikinunua kipya, dukani. Binti yangu niachie mimi."

Nikashusha pumzi niliyoibana tangu Louisville.

"Na nilijua siku nyingi hakipo kwako," akaendelea. "Hakuna binadamu aliyewahi kukikalia kile kiti kwa raha. Sasa geuza gari, bibi-arusi asije akasimama."