Jumamosi za Kutembea na Shemeji

Kila Ijumaa nikitoka shuleni napanga safari ya watu wawili, kisha Jumamosi naitembea peke yangu. Ni upumbavu, najua. Lakini mwalimu aliyezoea kuandaa somo hawezi kuacha hata kama wanafunzi wamehama. Nafungua daftari, naandika tutakwenda wapi, tutakula nini, tutarudi kwa njia gani. Mpaka leo naandika "tuta".

Mwenzangu katika safari hizo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa kiume wa marehemu mke wangu. Yeye ni seremala wa Beni. Zamani alikuwa akija Butembo kila Ijumaa kununua misumari na vanishi, analala kwetu, na Jumamosi asubuhi tunatoka. Tulikuwa na kanuni zetu. Kwenda tunapanda pikipiki, kurudi tunatembea. Chakula kwanza, kinywaji baadaye. Na kinywaji hatukukinunua kwa wachuuzi wa barabarani. Tulikunywa pale pale kilipotengenezwa, kwa mama aliyekamua ndizi zake mwenyewe.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na ramani kichwani. Kutembea hakutembea, magoti yalimkataa, ila alijua ni nani huko Musienene anayepika maharage bila haraka, na ni siku gani jibini ya Luofu inafika sokoni ingali laini. "Musikule kwa yule wa kwanza," alitwambia siku moja tukifunga viatu. "Yule anatia chumvi sawa vile mutu mwenye kukasirika." Hatukumsikiliza. Tulikunywa maji njia nzima, na jioni alicheka mpaka akakaa chini. Njia nyingine zilifungwa na vita, tukazifuta daftarini moja moja. Zilizobaki zilitutosha.

Kinywaji chenyewe kilikuwa kasiksi, mvinyo wetu wa ndizi, wenye utamu wa kumdanganya mtu mzima. Mara chache tulionja na kanyanga, ile kali inayochemshwa na kutoneshwa, lakini hiyo mimi niliinusa zaidi ya kuinywa. Na hapa lazima niseme ukweli: mimi ni mzee wa kanisa, tena la Kiprotestanti, na kwetu pombe ni marufuku. Huko mlimani tulikonywea hakuna aliyenijua. Tukikaribia mji nilichuma majani ya mpera nikayatafuna mpaka ulimi ukakauka, na shemeji, ambaye ni Mkatoliki na hana shida hizo, alinitania, akiniita shemeji kwa Kifaransa. "Bofrere, ule Mungu wenu haiko na pua?"

Nilicheka. Nilidhani utani huo haumuumizi yeye.

Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi. Wageni hudhani ni adabu tu. Ni adabu, lakini imezaliwa na hofu ya sumu, na kila mtu hapa ana hadithi ya sumu katika ukoo wake. Kwa hiyo ukikikataa kikombe kilichokwisha kuonjwa, umesema neno zito kuliko tusi lolote. Shemeji yangu alinionjea vikombe kwa karibu miaka ishirini. Alikunywa funda moja, akafuta ukingo kwa kidole gumba, akanipa kwa mikono miwili.

Kisha mke wangu akafa. Presha ilimwangusha asubuhi akianika nguo, na nusu ya nguo zilibaki kwenye beseni mpaka majirani walipozianika. Siku ya kumaliza kilio ndugu zake walifika kutoka Beni na bidoni ya lita ishirini ya kasiksi, kama desturi ya kwao inavyotaka. Mchungaji wangu alikuwa ameketi benchi la mbele pamoja na mashemasi wote. Shemeji alimimina, akaonja, akaja mpaka mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Kamata, bofrere. Tumusindikize dada."

Nilimwona mchungaji akinitazama. Nikainua kiganja, nikakisukuma kikombe. Nikasema, tena kwa sauti ya mimbarini, "Mimi situmii."

Kikombe kilibaki hewani. Shangazi wa mke wangu alijifunika mdomo kwa kitenge. Shemeji alikwenda akakimwaga chini ya migomba, na ndugu zake wakaondoka kabla ya chakula kupakuliwa. Ilipofika Jumatatu mtaa mzima ulikuwa ukiulizana: mwalimu anamshuku nani? Mke alikufa kwa nini hasa? Ningeweza kuwajibu kwa sentensi moja: sikuogopa sumu, niliogopa mchungaji. Sikuisema. Sentensi hiyo ingenitoa kwenye uzee wa kanisa, na nilikuwa nimekwisha kumpoteza mke. Nilijiambia maneno ya watu ni moshi, yatapita.

Moshi ulipita, lakini shemeji naye hakuja tena. Misumari sijui aliinunua wapi.

Nimetembea peke yangu kwa misimu kadhaa sasa, na sipendi. Nasema wazi kwa sababu vijana huniambia kutembea peke yako kunatuliza akili. Akili yangu haijatulia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mtu wa peke yake siku hizi huulizwa maswali kila kona: unatoka wapi, unakwenda kwa nani, kitambulisho kiko wapi. Zamani tulijibu kwa pamoja tukiwa tunacheka. Nikifika mezani, bukari, ugali wetu, huletwa bonge la watu wawili, kwa sababu mpishi hajui kusonga dogo, na nusu yangu naisukuma pembeni. Naona haya kuila na naona haya kuiacha.

Mwezi uliopita nilipanda mpaka kwa mama mmoja wa njia ya Musienene, ambaye kasiksi yake tuliipenda kuliko zote. Alionja, akanipa kikombe. Nilikunywa nusu, na kwa mazoea nikanyoosha mkono kukipitisha upande wa kulia. Hapakuwa na mtu. Mama aliona.

"Mwenzako alipita hapa," akasema.

"Lini?"

"Hata juma mbili hazijaisha. Alikuya na barafiki yake wa Beni, batatu. Balikunywa, balicheka sana."

Wivu ulinishika mimi, mtu mzima mwenye mvi. Nilikuwa nimejiambia kwamba naye yuko Beni na daftari lake, akinisubiri nitamke neno. Kumbe alitembea njia zetu na watu wengine, na walicheka. Nililala na hilo siku kadhaa, kisha Ijumaa niliandika mstari mmoja tu: Beni, kwa shemeji, kuomba radhi.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilibeba jibini ya Luofu na viazi. Beni kulikuwa na joto. Nilivua koti la Butembo nikalikunja kwapani. Nilimkuta mbele ya karakana yake, kando ya barabara, akipiga randa mlango. Alinisalimu vizuri mno. Alipangusa kiti kwa kitambaa kabla sijakaa, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia.

"Habari ya njia?" akaniuliza.

"Njia iko muzuri."

Nikaona nikichelewa sitasema. Nikamwambia yote: kwamba siku ile sikumshuku, wala sikuwashuku ndugu zake, kwamba mchungaji alikuwa ananitazama, kwamba nilikuwa mwoga. Alisikiliza huku akikwangua gundi kidoleni.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile nilijua. Kama ungeogopa sumu, ningekunywa kikombe yote mbele yako, nikuwekee ingine. Batu banaogopa sumu, haiko zambi. Lakini wewe haukuogopa sumu. Wewe uliogopa batu bakuone na mimi. Myaka yote ile, kule mulimani nilikuwa ndugu, mu mji ukanisahau. Hata siku ya dada yangu."

Aliingia ndani, akatoka na vitu viwili, akaviweka kwenye benchi kati yetu. Kimoja ni chupa ya soda, kizibo chake juu, na kifunguo kando yake, kama anavyowekewa mgeni asiyefahamika. Kingine ni kikombe cha kasiksi. Alikiinua, akaonja, akafuta ukingo kwa kidole gumba, akakirudisha benchini.

"Kamata ile unapenda," akasema. "Tunakunywa hapa hapa inje."

Nilimwelewa, nikafurahi. Kumbe ilikuwa rahisi hivi. Nikasogea mbele kwenye kiti.

Kanisa letu lina tawi lake mtaa ule, na Jumamosi kwaya hufanya mazoezi. Wakati huohuo wanamama wakaanza kupita na vitabu vya nyimbo, wawili wawili. Mmoja nilimfahamu, ana dada yake Butembo, anayekaa kanisani benchi la tatu nyuma yangu. Alisimama, uso ukamfunguka.

"Bwana asifiwe, muzee!"

"Amina, mama," nikamjibu.

Akatabasamu, akatazama benchi. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika chupa. Sikuuamuru, ulikwenda wenyewe, na nilipouona ulipo nilikuwa nimekwisha kufungua kizibo.

Shemeji alingoja mpaka wanamama walipopita wote. Akachukua kikombe, akakinywa chote mpaka mwisho, akasimama.

"Mvua itanyesha," akasema. "Uwahi gari." Akaushika mlango wake, akaendelea kupiga randa.