Taa Isiyotaka Choki

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, mwaka jana, siku ya pili baada ya kumzika mume wangu, tulipoteza taa moja kati ya mbili alizoacha. Ilipasuka juu ya sufuria ya makande, wageni wakiwa wameshika sahani.

Watu husema mfiwa hukumbuka nyimbo na maneno ya mchungaji. Mimi nakumbuka taa. Nyimbo ziliimbwa na watu waliokuwa wakinusa makande, na maneno ya mchungaji yangemfaa marehemu yeyote, hata mlevi.

Mume wangu alikuwa seremala. Banda lake lilikuwa hapa hapa uani kwetu Maisaka, na jioni alifanya kazi chini ya taa ya zebaki, balbu nene kama papai changa, kioo chake cheupe kama maziwa. Alizipata tatu kwa mtu aliyekuwa akibomoa ghala. Kwa nje zilifanana kabisa. Lakini mbili zilikuwa na kijibomba cha kioo tu ndani yake, na hizo hazichomekwi kwenye umeme bila choki, kile chuma kizito kinachopunguza nguvu ya moto. Ukizichomeka bila choki, zinavuta umeme mpaka zinapasuka. Ya tatu ilikuwa na waya mwembamba uliozunguka kile kijibomba. Waya huo ndio choki yake yenyewe. Ile unaifunga kwenye holda kama balbu yoyote, basi.

Hayo hakuyajua kwa akili nyingi. Aliyajua kwa kuunguza ya kwanza, kisha akanisimulia kana kwamba kosa lilikuwa la taa. Baadaye alinionyesha namna ya kuzitofautisha: unaweka tochi nyuma ya kioo, unatafuta kivuli cha waya. Nilitazama ili aridhike anyamaze, maana ugali wangu ulikuwa jikoni. Kivuli nilikiona.

Ile yenye waya ndiyo iliyoning'inia bandani miaka yote. Alipofariki, wanaume walihamisha meza zake za kazi ili wapate mahali pa kukaa, wakaishusha taa na kuitia kwenye boksi moja na mwenzake. Kwa nini waishushe, sijui. Kwenye msiba mwanaume asiye na kazi lazima ashushe kitu.

Kwetu mjane hukaa ndani, juu ya godoro, mpaka siku ya kuanua matanga. Hatoki uani kuongea na wanaume na hapazi sauti dirishani. Akiwa na neno, hulituma kwa wifi yake. Kwa hiyo jioni ile nilikuwa chumbani na wanawake wengine, dirisha wazi, nikisikia kila kitu bila ruhusa ya kufanya chochote.

Jua lilikuwa linazama. Mdogo wake mume wangu, aliyekuja kutoka Arusha na miwani ya jua ambayo hata kaburini hakuivua, alikuwa amejipa uenyekiti wa msiba. Nikamsikia akisema, "Lete ile taa ya kaka tufunge hapa juu ya jiko, watu waone wanachokula."

"Ziko mbili," mtu akamjibu.

"Chukua yoyote. Taa ni taa."

Nikamvuta wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa Nangara asiyejua kunong'ona. "Wifi, nenda umwambie aweke tochi nyuma ya kioo. Isiyo na waya ndani asiichomeke, itapasuka."

Akatoka. Nikamsikia akiufikisha ujumbe wote, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayeuza mitumba mnadani. Wanaume wakacheka.

"Dada, kamwambie shemeji aendelee kulia," mdogo mtu akasema. "Umeme atuachie sisi."

"Amesema itapasuka."

"Mimi nimefunga taa kwenye kumbi za harusi Arusha, dada. Kumbi!"

"Haya, mtaalamu wa kumbi," wifi akasema, akarudi ndani na kuketi kwa kishindo.

Sitadanganya: sikuwa na hakika ni ipi waliyoichukua. Ilikuwa nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Na sikuombea wageni wala yeye aliyepanda kwenye stuli. Niliomba tu isiwe ile ya bandani. Mume wangu alifanya kazi chini ya mwanga wake mpaka wiki aliyougua. Nguo zake zilikuwa zimeshagawanywa, randa na misumeno vimeshafungwa kwenye gunia na wanaume wa ukoo. Nilitaka ile taa. Hakuna kingine nilichotaka.

Wakawasha. Ua mzima ukawa mweupe ghafla, mtu akapiga makofi, kisha taa ikalia kama chupa iliyorushwa ukutani na nyumba nzima ikawa giza. Vioo vilianguka kwenye makande. Wanawake waliopika tangu mchana walimwaga sufuria yote shimoni, na hakuna hata mwanaume mmoja aliyesema samahani. Walibaki kubishana kuhusu fyuzi.

Fyuzi ilipotengenezwa, mdogo mtu alikuwa ameshakuwa mwalimu. "Mmeona? Taa hizi bila choki haziendi. Nilijua."

"Ulijua wapi?" wifi akamuuliza kupitia dirisha. "Kwenye kumbi?"

Waliomba choki kwa jirani, akang'oa ile ya tyubulaiti ya baraza lake, wakaifunga kwenye waya wa ile taa ya pili. Hapo nikajua imebaki yangu, na nikajua pia wanachokwenda kuifanyia. Nikamtuma tena wifi. "Mwambie hiyo ina choki yake ndani. Aitoe hiyo nyingine, mbili zitaufifisha mwanga."

Wifi akaenda. Safari hii hata hawakucheka. "Shemeji aamue," mdogo mtu alisema. "Saa ile choki inatakiwa, saa hii haitakiwi. Majonzi haya, tumsamehe."

Wakawasha. Taa ikatoa rangi ya chai ya rangi iliyopoa na ikabaki hapo hapo. Watu waliisubiri wakiwa wameinua shingo. Haikuongezeka.

"Imechoka hii," akatamka. "Imekufa na mwenyewe."

Wakaguna kwa masikitiko kwa namna ambayo hawakuguna walipokuwa wakimfukia mume wangu. Neno hilo lilionekana kwao ni zito sana. Kisha akaifungua na kuitupa kwenye pipa la maranda nyuma ya banda. Maranda hayo mume wangu aliyakusanya kwa ajili ya kuku, na ndiyo yaliyoidaka.

Wifi hakungoja nimtume. Alitoka na kurudi na taa ndani ya kitenge kama anabeba kitoto. "Haya," akasema. "Nionyeshe huo waya." Nikawasha tochi ya simu nyuma ya kioo. Wanawake wote wakasogea. Mmoja akasema anauona, mwingine akasema anaona kidole changu tu. Mimi niliuona.

Holda ya chumbani kwetu ni ya skrubu, kama ile ya bandani. Wifi akapanda kitandani, yeye na uzito wake wote, akatoa balbu ndogo na kuifunga ile kubwa. Tukawasha. Kwanza ilikuwa ya manjano, na mwanamke mmoja akasema, "Yaleyale." Nikamwambia angoje. Ikaanza kupanda taratibu, nyeupe yenye ubluu kidogo, mpaka tukaanza kuonana makunyanzi, mpaka mwanga ukatoka dirishani ukawafikia wanaume waliokuwa wamekaa gizani.

Mdogo mtu akaja dirishani. Miwani ilikuwa bado usoni.

"Dada, hiyo taa mmeitoa wapi?"

"Si uliizika mwenyewe kwenye maranda?"

"Basi itoeni tuifunge huku. Wageni hawaonani."

"Muulize mwenyewe," wifi akasema, akaniangalia.

Wanawake walitegemea nimpe wifi jibu, naye alipeleke hatua tatu mpaka dirishani, kwa mtu aliyekuwa akinitazama usoni. Nilisimama kwenye godoro.

"Sitoi," nikamwambia.

"Shemeji, wageni…"

"Nimesikia. Sitoi."

Akaondoka. Nikamsikia akiwaambia wageni wawashe tochi za simu zao.