Mikono ya Msusi

Msusi wa mtaa wa kina Clotilde kule Kampemba haji hospitalini na maneno ya kufariji. Anakuja na chanuo kalibana kwenye meno na kopo la mafuta, anaketi kwenye ukingo wa saruji uani, kati ya mbabula, majiko ya makaa ya watu wanaowapikia wagonjwa wao, kisha anapiga magoti yake kofi ili Clotilde, ambaye mwanawe Michée amelazwa, akae hapo chini. "Mama Michée, inamisha kichwa." Basi. Vidole vyake vifupi, vinavyonuka makaa, huvuta nywele mpaka machozi yanamlengalenga Clotilde, naye huyapenda maumivu hayo, maana anajua yatakwisha. Shangazi wa Michée wakinung'unika kwamba mtoto yuko kwenye oksijeni na mama yake anasukwa, msusi hujibu bila kutoa chanuo: "Mutoto iko muzima. Mama yake atasukwa." Kwao, nywele za mama hufumuliwa siku ya msiba wa mwanawe.

Leo msusi alipitia kwanza kwenye dirisha la chumba cha watoto, akachungulia, akasimama pale kitambo. Aliporudi, Clotilde akainama, akakaza taya kungojea. Hakuna kilichouma. Mistari ilishuka milegevu, laini, ya kufumuka kwa mvuto mmoja. Chanuo lilikuwa mkononi, si kwenye meno.

"Vuta, dada," Clotilde akasema. "Vuta mupaka iniume."

Vidole vikasimama. Kisha vikaendelea polepole, vilegevu vilevile.