Kisanduku Kilichochaguliwa kwa Mkono

Mtaani kwetu wanamwita Mchoraji, ingawa hakuna aliyepata kumwona akichora ua wala sura ya mtu. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba ambazo bado hazijajengwa. Aliajiriwa akiwa msichana katika ofisi ya ramani, akakalia kiti kile kile tangu enzi za penseli hadi enzi za kompyuta. Ofisi ilipofungwa alirudi kwao na rula moja ya chuma, pamoja na mazoea ya kutouamini mstari alioupima mara moja tu.

Alifungua kazi yake mwenyewe katika chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga yeye na baba yake. Meza aliiweka pembeni mwa dirisha, akatundika kitambaa cheusi ili mwanga usipige kwenye kioo cha kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa wazi ubavuni, na matumbo yake yote yalionekana, kwa sababu joto lilikuwa likiisumbua. Aliyetaka kujenga alimletea ramani, naye akaigeuza kuwa picha: ukuta umekwisha kupakwa rangi, mlango umefunguliwa nusu, jua limeingia sebuleni na kulala sakafuni.

Baba yake alikuwa akikaa kibarazani, nje ya chumba hicho hicho, redio ikiwa miguuni pake na waya wake umepitishwa dirishani hadi kwenye soketi ya ndani. Huyu ndiye Mzee Mizani. Kwa miaka mingi aliuza bidhaa za chuma: kufuli, bawaba, sufuria nzito, vichwa vya nyundo. Jina hilo alilipata kutokana na desturi yake. Hakununua kitu kwa jumla kabla ya kukiweka kwenye kiganja cha kushoto, kufumba macho na kukiinua mara mbili taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Kufuli iliyojazwa bati badala ya shaba aliikataa bila kuifungua. Watu walimletea hata pete na sarafu za zamani, na hapana anayekumbuka mkono ule kukosea. Baadaye macho yalimwishia polepole, duka likafungwa, na katika vyote alivyokuwa navyo ukabaki mkono.

Sasa ikatokea kwamba mkandarasi mmoja alitaka kuomba zabuni ya kujenga bweni la chuo. Alimwendea Mchoraji akamweleza kuwa anahitaji picha za jengo zima, kuanzia lango hadi kitanda cha mwanafunzi, na filamu fupi ya kumtembeza mtazamaji ndani yake kana kwamba limesimama tayari. Akaongeza kwamba picha hizo zikiwaridhisha waamuzi, michoro yote ya kampuni yake itakuwa ikija kwenye meza ile, kwa mkataba.

Mchoraji alielewa vizuri maana ya neno hilo. Kazi za mtu mmoja mmoja zilikuwa zimepungua, na dada yake mkubwa, mwenye kibanda cha kutoa nakala karibu na mahakama, alikuwa amekwisha kumtengea kiti. Dada huyo hakuwa na ubaya, bali ulimi wake haukuwa na breki. "Wewe unachora majumba ya watu, na sisi bado tunapanga," alimwambia mbele ya baba yao. "Njoo utoe nakala, mdogo wangu. Karatasi ikitoka imetoka, jioni tunafunga tunakwenda zetu." Mchoraji alicheka pamoja naye, lakini moyoni alijua kwamba njia zilikuwa mbili tu: mkataba wa mkandarasi au kile kiti.

Kikwazo kilikuwa kompyuta. Picha moja yenye vivuli na vioo iliichukua tangu asubuhi hadi jua ligeuke, na filamu ina picha mamia kwa mamia. Kwa bahati akapata kadi ya picha iliyotumika, yaani kifaa cha kuiongezea kompyuta kasi ya kuchora, kutoka kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta uliokuwa ukifunga milango. Ilikuwa ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, yenye feni mbili, na mgongoni ilikuwa na matundu ya kupokea umeme wake yenyewe. Pawa saplai ya zamani, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, haikuwa na waya za kujaza matundu hayo, wala nguvu ya kuzijaza hizo waya.

Alikaa chini akapiga hesabu kama alivyozoea. Kadi peke yake ikifanya kazi kwa bidii ilikula wati mia mbili na ishirini. Akaongeza ubongo wa kompyuta, diski na feni, kisha akaacha nafasi ya kupumulia, maana kifaa kinachokimbizwa hadi mwisho wa nguvu zake hakidumu. Alijua pia jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa kisanduku si ya kuaminiwa. Ya kuaminiwa ni ile iliyo kwenye jedwali dogo, katika mstari wa volti kumi na mbili, kwa kuwa kadi hunywa kwenye mstari huo. Ukizidisha ampea zake kwa kumi na mbili, ndipo unapojua kisanduku kina nini kwa kweli.

Aliposema anakwenda dukani, baba yake aliinuka akatafuta fimbo yake.

"Twende wote," alisema. "Kompyuta ni yako, mama. Chuma ni changu."

Hakuna aliyekuwa amemwomba mzee huyo kuchagua chochote tangu duka lake lifungwe. Mchoraji alimshika mkono wakaenda.

Muuzaji aliweka mezani visanduku viwili. Cha kwanza kilikuwa kidogo, kimechujuka rangi, kimetolewa kwenye kompyuta ya ofisi fulani. Mchoraji alikigeuza, akasoma jedwali na kuona ampea arobaini na tano kwenye mstari aliouhitaji. Hiyo ilikuwa zaidi ya wati mia tano za kweli. Alikuwa amekwisha kuridhika. Cha pili kilikuwa kipya, chekundu, kimeandikwa 750 kwa tarakimu zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Alikigeuza nacho. Ampea kumi na nane. Akazidisha kichwani: mia mbili na kumi na sita. Hazikutosha hata hiyo kadi peke yake.

Lakini mzee alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja. Akapewa kidogo, akakiinua mara mbili, akakirudisha. Akapewa chekundu. Alifumba macho, ingawa kufumba au kutofumba kwake kulikuwa sawa, akakiinua, na uso wake wote ukakunjuka.

"Hiki kina kitu ndani," alisema. "Kile ni kopo."

Muuzaji akamsifu, akasema kisanduku hicho ni trekta. Mchoraji alisogea karibu na sikio la baba yake. "Baba, maandishi ya hiki yanasema..."

"Maandishi anaandika nani? Si huyo huyo anayeuza?"

Waliokuwamo dukani waliangua kicheko, na mmoja wao, aliyewahi kununua kufuli kwa mzee, akasema kwamba bora wangemwachia Mizani duka zima awapimie. Mzee alikuwa akitabasamu kama mtu aliyerudishiwa kiti chake. Mchoraji alikuwa na tarakimu mbili kichwani, na kuzitamka kungetosha. Wahenga wamesema heri lawama kuliko fedheha. Alimwepushia baba yake fedheha, akanyamaza. Mzee alilipa mwenyewe, kutoka kwenye kitambaa alichofunga fundo, akasema ni zawadi.

Nyumbani alikifunga chekundu kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Waya za kadi hazikutosha, akaunganisha kwa kiungo cha kuazima nguvu kwenye waya za diski. Kisha, kwa kuwa alijua alichokuwa akikifanya, akaiwekea kadi kikomo ndani ya programu yake ili isile zaidi ya nusu ya chakula chake. Kompyuta ikawaka. Picha zikaanza kutoka, si kwa kasi aliyoitarajia, lakini zilitoka: lango, ngazi, korido ndefu yenye milango ya kijani. Kila feni zilipovuma, mzee kibarazani aliwaambia wapitao, "Mnaisikia? Hiyo nimeichagua mimi." Mchoraji akaanza kujidanganya kwamba labda jedwali ndilo lililokosewa na mkono ukapatia. Mtu akilitaka jambo liwe kweli, hata hesabu huanza kuionea shaka.

Siku moja mchana mkandarasi alipita na habari kwamba waamuzi wameuwahisha mkutano, sasa utakuwa kesho yake asubuhi. Alizitazama picha, akazipenda, akachukua nakala zake. Akataka filamu yote jioni hiyo, na akasema asipoipata jioni hataihitaji tena.

Kwa kikomo kile, filamu isingemalizika. Mchoraji alikaa mbele ya kioo akiitazama programu. Angeweza kuomba muda, na angenyimwa. Akaondoa kikomo.

Feni zilipanda sauti. Picha zilikwenda mbio jinsi hajapata kuona. Mtazamaji alivuka lango, akapanda ngazi, akaingia koridoni. Halafu ukasikika mlio mfupi, kama kizibo cha soda kinapong'olewa, na kioo kikawa cheusi. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani.

"Kimelia nini?" mzee aliuliza kutoka nje.

"Umeme umekatika, baba."

Miguuni pa mzee, redio iliyochomekwa kwenye soketi ya chumba hicho hicho iliendelea kusoma taarifa ya habari. 

Pawa saplai haikufa peke yake. Iliondoka na ubao mkuu na kadi. Michoro ya bweni ilikuwa salama kwenye kidiski cha mfukoni, lakini hapakuwa na mashine ya kuigeuza filamu. Mchoraji alikimbilia kibandani kwa dada yake. Kompyuta ya pale haikuweza hata kulifungua faili. Mkandarasi alipopigiwa simu hakugomba. Alisema pole, akasema zabuni haimngoji mtu, na kwamba kuna kijana mjini atamalizia kwa picha alizokwisha kuzipokea. Mkataba ulikwenda na kijana huyo.

Baadaye Mchoraji alikifungua kisanduku chekundu. Chini ya karatasi ya dhamana palifichwa skrubu ya mwisho. Ndani aliona kibao chembamba chenye vipuri vichache, ambacho ungekidhania cha redio ndogo, na kando yake tofali la zege, limeviringishwa utepe mweusi na kugandishwa kwa gundi. Alilipima kwa rula, kwa mazoea tu. Lilikuwa limechukua zaidi ya nusu ya nafasi. Akalibandua, akalitupa jalalani, akafunga kifuniko na kukisukuma kisanduku chini ya meza. Juma lililofuata alikaa kwenye kiti cha nakala. Kwa baba yake alisema tu kwamba kazi za kuchora zimepoa kidogo.

Jambo hilo lingeweza kuishia hapo, kama jirani hangekuja Jumapili moja kumwomba mzee ushauri kuhusu kompyuta ya mwanawe iliyohitaji pawa saplai. Mzee alifurahi. Alimwita binti yake, akamwomba amletee kile kisanduku ili jirani aguse na kujua chuma cha kweli kinavyokuwa. Mchoraji alisema kimefungwa ndani ya mashine. Mzee akajibu kwamba mashine yenyewe hajaisikia muda mrefu, basi kukitoa hakutaiumiza.

Akakileta.

Mzee alikipokea kwa kiganja cha kushoto na kukiinua. Mkono ulipanda upesi kuliko alivyotazamia, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwapo. Akakiinua tena. Hakukuwa na mara ya tatu.

"Mwanao aende dukani na binti yangu," alimwambia jirani kwa sauti ya kawaida. "Yeye anajua kusoma."

Jirani alipokwisha kuaga, mzee alibaki na kisanduku mapajani.

"Kilikuwa nini?"

"Zege, baba."

"Ulilijua lini?"

Angeweza kusema siku kilipolipuka. Alikuwa amechoka kupanga maneno. "Zege nililiona baadaye. Lakini kwamba hakifai, nilijua palepale dukani. Niliogopa kukuaibisha."

Mzee alizima redio.

"Mle dukani walikuwa watu watatu," alisema. "Wangenicheka, tungerudi nyumbani, ningekununia mpaka jioni. Sasa umekosa kazi yako kwa ajili yangu, na mimi sina pa kukurudishia. Hiyo ni huruma gani, mama?"

 Mchoraji alikichukua kisanduku kutoka mapajani mwake, na mzee akakiachia bila kukipima.

Siku hizi Mchoraji hutoka asubuhi na kurudi jioni mikono ikiwa na wino. Rula yake ya chuma iko kibandani. Huitumia kunyooshea kingo za karatasi kabla ya kuzikata. Chumba cha mbele kimepangishwa fundi cherehani. Baba yake bado hukaa kibarazani, na wapo wasiojua yaliyotokea, ambao humletea kufuli au sufuria awapimie. Huwaambia mkono unamuuma.