Mkono Niliouchopoa Jidda

Tulikuwa watu sita, na majina yote ninayo kichwani, ila binti yangu kanikataza kuyaandika. Nilikuwapo mimi, na binti yangu, muuguzi wa Riyadh, na mwanawe wa miezi minne. Hao wa kwetu. Upande wa pili ni muuguzi wa Kifilipino aliyefanya kazi wodi moja na binti yangu kabla hajahamia Jidda. Mama yake, aliyekuja kumtembelea kama nilivyokuja mimi. Na bintiye wa miaka saba.

Ni huyo muuguzi aliyemkanda binti yangu. Viza yangu ilichelewa, mtoto akazaliwa mimi bado niko Tanga nahangaika na karatasi. Maji ya moto, uji, kufua nepi, kazi ya mama mzazi yote, akaifanya mtu asiyejua neno la kwetu. Kwa hiyo tulipomaliza umra tulikwenda kwake Jidda, mtaa wa Baghdadiya, kwa jambo moja tu: nimshukuru. Nilimchukulia doti ya kanga, na maneno nimeyapanga.

Ndani ya teksi nilikuwa nasema tu. "Watoto wa huku hawafunzwi. Mtu mzima wanampita kama nguzo. Hakuna shikamoo, hakuna nini!"

"Yalla, mama, teremka. Tumefika," binti yangu akanikatiza.

Mlango akaufungua yule mtoto, anahema, alikuwa akiruka kamba. Nikampa mkono. Akauinamia, akaupeleka kwenye paji la uso wake lililolowa jasho. Mimi nikadhani anajipangusia. Nikauchopoa mkono, nikaufuta kwenye baibui mbele yake. "Ebo! Mimi kitambaa?"

Kiswahili hawakijui, lakini kitendo kile hakikuhitaji mkalimani. Mtoto akarudi nyuma ya mlango. Mama yake akacheka kidogo, akatukaribisha.

Chakula kilikuwa cha mji wao, mji wa pwani huko Ufilipino: samaki wa nazi na tangawizi, wali, na bakuli la samaki asiyeguswa na moto, kalowekwa siki na pilipili.

"Mbichi huyu?" nikamwuliza binti yangu.

"Siki ndiyo moto wake. Siku zote unampa paka, leo onja wewe."

Nikaonja, nikaongeza, nikaongeza tena. Na yule wa nazi ungesema kapikwa na dada yangu.

Mara mama wa mwenyeji akarudi kutoka dukani na mfuko wa maembe. Mtoto akamkimbilia, akauchukua mkono wa bibi yake, akauweka pajini. Bibi akaitikia neno moja, taratibu, kama mtu anayesema marahaba.

Nikalirudisha tonge sahanini. "Ile ni nini?"

"Ndiyo shikamoo yao, mama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilidhani umechoka na safari, sikutaka kukuaibisha mbele yao."

Jioni wakatutembeza ufukweni, kwenye Kornishi, tukaitazame ile chemchemi inayorusha maji juu baharini. Yule bibi mwenzangu akaonyesha bahari akasimulia, binti zetu wakitafsiri, kwamba kwao samaki mmoja hubebwa na wanaume wawili, na soko zima husimama kutazama. Watu walicheka. Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Nikisogea, anahamia upande wa pili wa bibi yake, mikono mgongoni. Nikamwita, nikamnyoshea mkono. Akamnong'oneza mama yake.

"Anasemaje?"

Binti yangu hakutaka kunitafsiria. Nikamshikilia aseme. "Anasema huyu bibi hapendi kuguswa."

Kwetu mtu mzima hamwombi radhi mtoto, na mimi sikumwomba. Nilitazama maji. Hata yale maneno niliyoyapanga yakaniponyoka. Nilipompa mama yake ile doti nilisema "shukran" tu, kama mtu anayepokea chenji dukani. Mtu aliyemkanda mwanangu!

Wakati wa kuagana, mama akamwambia mtoto aniage. Akaja, akaushika mkono wangu kwa ncha za vidole, akainama upesi, akaondoka. Binti yangu anashikilia kwamba paji liligusa. Mimi nakumbuka vidole tu, kisha upepo. Nyie mliokuwapo, kama nimekosea nisahihisheni. Ningefurahi sana kuambiwa nimekosea.