Mwanamvua na Kadi ya Picha Iliyoachwa

Mke wangu Mwanamvua hutengeneza video za harusi hapa Vihingo kwa kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux. Juzi kompyuta ilimtaka asasishe mfumo, akakubali, na draiva, programu inayoendesha kadi ya picha ndani ya kompyuta, ikaacha kufanya kazi. Bila programu hiyo video zilikwama. Naila, bibi harusi wa jirani yetu, alionekana akirukaruka kama panzi, na Jumapili ukoo wake wote ungekuja kujitazama.

Mdogo wangu Kibwana, fundi kompyuta wa Kibaha, akaja.

"Shemeji, kadi hii ni babu. Hata walioitengeneza wameshaitupa. Nunua kompyuta mpya."

"Kwani wewe babu yako ulimtupa?" Mwanamvua akauliza.

Kibwana akacheka. "Draiva mpya haziitambui."

"Basi niwekee ya zamani."

"Ya zamani haikubaliani na mfumo mpya."

"Na mfumo wa zamani nirudishie. Huo mpya wamenipa wenyewe, sikuuomba."

Mimi si msemaji, nikaenda kuchemsha chai. Kibwana alirudisha mfumo wa zamani, akaweka draiva ya zamani, akawasha upya. Skrini ikawa nyeusi. Akaanza kukusanya vifaa vyake.

Mwanamvua akavuta kiti, akakaa mlangoni. "Chai bado, shemeji."

Kibwana akarudia, safari hii akiondoa kwanza mabaki ya draiva mpya. Picha ikatulia. Naila akatembea polepole, kama bibi harusi.

Jumapili ukoo ulitazama, ukataka irudiwe.

Sasa kila asubuhi kompyuta humuuliza Mwanamvua kama asasishe mfumo. Hubonyeza hapana, akaendelea na kazi.